Siku Babati Nzima Iliponiaga

Nichekeni tu, nimeshazoea. Hadi leo wapo wazee wa mtaa wetu wa Singe wanaoniita "Mwanamuziki", mimi ambaye hata kwaya ya kanisa niliombwa kwa upole nikae na wasikilizaji.

Ilikuwa ile miaka ya shida, mnaikumbuka, sabuni unaiota usingizini na nguo tunafua kwa majani ya mpapai, na kitambaa kikija duka la ushirika kinakuja cha aina moja, basi mji mzima unavaa hicho hicho. Mwaka huo kilikuja cha maua ya alizeti, manjano, ua moja ukubwa wa sahani. Wanawake wakashona magauni, wanaume wakakataa wote isipokuwa mimi, maana shati langu jingine lilikuwa limegeuzwa kola mpaka hakuna upande wa kugeuzia tena, na nilikuwa na sababu ya kutaka kupendeza.

Sababu yenyewe ni Yustina. Nilikuwa mwalimu kijana pale shule ya msingi, nimepeleka posa kwa baba yake, Mzee Tluway, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na yote mazito. Alisema kwanza ataulizia tabia yangu kwa majirani, kama ilivyo desturi, halafu jibu atanipa Jumapili baada ya ibada. Akaongeza, "Mlevi naweza kumvumilia, atatubu. Mwanamuziki hapana. Leo yupo, kesho hayupo."

Wiki hiyo hiyo, bendi kubwa tuliyoizoea redioni ikaingia Babati kutuaga. Ilikuwa inavunjika (nyuzi za magita hakuna, matairi hakuna), ikawa inapita mji kwa mji kupiga dansi la mwisho. Dansi lilikuwa Jumamosi mchana kwa sababu dizeli ya jenereta ilikuwa ya kubahatisha. Nikajisemea, mzee yuko sokoni anauza maharage, nitachungulia wimbo mmoja tu.

Nikakuta tiketi zimekwisha. Nikazunguka nyuma ya ukumbi, jamaa wa mlangoni akaniona, akafoka, "Wewe! Wenzako wanaanza, unazurura?"

Sikujua kwamba sare za bendi zilikuwa zimechakaa njiani, wakagawiwa kile kitambaa cha alizeti kilichobaki ushirika, na fundi wetu (ambaye mshono wa shati alikuwa anajua mmoja tu) akawashonea kama langu, kola pana na yote. Hapo ndipo ningesema, "Ndugu, mimi si mwenzao." Badala yake nikasema, "Samahani, nimechelewa."

Kiongozi wa bendi, mtu mnene anayetiririka jasho, alinitazama, akatazama shati, akacheka. Mpiga manyanga wao alikuwa amebaki Kondoa na malaria. "Mungu kaleta," akasema, akanishikisha manyanga. Nikatikisa. (Wimbo wa kwanza, niwaambie ukweli, nilijisikia raha sana.) Kisha nikamwona Yustina mbele kabisa, mkono mdomoni.

Baada ya nyimbo, kila mwanabendi akaja kwenye maikrofoni, akataja jina na kwao, akaaga. Nilikuwa nanyata kuelekea mlangoni kiongozi aliponidaka bega. "Na mwenzetu wa mwisho!" Spika walikuwa wamezifunga juu ya paa zikielekea sokoni, wasio na tiketi nao wasikie. Nikasikia sauti yangu inatangazwa mji mzima: "Mimi ni Mwalimu Gwandu wa Singe. Kwaherini." Ningesema nini kingine, ilhali wanabendi wote walisema hivyo hivyo?

Ukumbi mzima ukanigeukia. Halafu mtu akapiga kelele, "Mwalimu anatuacha!" Mzazi mmoja akauliza nani sasa atamfundisha mwanawe hesabu, mwingine akaniletea kuku. Mama Basili, mjane jirani yangu, alitoka mbio, akarudi na nusu mche wa sabuni kwenye pindo la khanga. Nusu mche, enzi zile! "Mwanangu," akasema, "huko uendako usivae nguo chafu ukatutia aibu."  Nikalia, na kulia kwangu wakakuona ni kuaga, wakalia zaidi, kisha wakanibeba wenyewe wakanipakia kwenye gari la bendi.

Nilishuka Bagara, pembeni mwa mji. Nilipomweleza kiongozi alicheka mpaka akafuta macho. "Tumeaga miji mingi," akasema, "hatujaliliwa hivi. Rudi kwa watu wako."

Nikarudi kwa miguu jua likiwaka, shati la alizeti, kuku kwapani, nikipita katikati ya watu walionililia muda si mrefu. "Hee! Mwalimu keshamaliza ziara!" Nilitamani ardhi inimeze. Nikaenda moja kwa moja hadi sokoni, kwenye gunia la maharage la Mzee Tluway.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimekusikia ukiaga."

Nikamweleza yote, tangu kitambaa. Akaitazama ile sabuni. "Nani kakupa?"

"Mama Basili."

"Mama Basili! Mimi nilimwomba kipande, akaapa hana." Akachezea maharage. "Wiki nzima nauliza habari zako, kila mtu anasifu, lakini jirani anaweza kusifu kwa kuogopa lawama. Leo nimewasikia wakilia. Njoo kesho baada ya ibada. Ila hilo shati usije nalo."

Sabuni niliirudisha jioni ile ile, Mama Basili akasonya. "Mimi nimeshakuaga. Kaa nayo." Ndiyo iliyofua nguo za harusi yetu, na lile shati Yustina aliligeuza foronya.

Tangu siku ile sijavaa ua hata moja, na neno kwaheri limenishinda. Uhamisho ulikuja, nikakataa, maana ningewaaga vipi tena watu wale? Hata nikienda dukani kununua chumvi nasema, "Narudi."

Mama Basili alipolazwa kwa mara ya mwisho, nilikaa naye mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha. Nikasimama, nikamwambia, "Narudi, mama."

Akatabasamu, macho ameyafumba. "Najua," akasema. "Wewe hata ukiagwa unarudi."