Ngumi Baada ya Amina

Ilikuwa mwaka wa 2018. Hapana, nisidanganye watu. Mwaka wa 2018 mvua ilinyesha mpaka mbuzi wakaoza kwato, na siku ninayosema vumbi lilikuwa limeingia hadi ndani ya ukumbi. Basi ilikuwa 2019, watu wakiwa wamepanda ndengu na mvua imekataa kuja.

Nthiga wa Kiritiri alikuwa mtu wa mbuzi. Alinunua Ishiara, akauza kwao, kazi ambayo haikuwahi kumtajirisha. Jumanne na Alhamisi jioni alifundisha karate. Yeye mwenyewe alianza mwaka wa 1979, Embu mjini, kwa mwalimu wa hesabu aliyeitwa Gedion, ambaye naye alifundishwa na Mjapani mmoja aliyekuja kuchimba visima. Miaka arobaini. Sokoni walimwita Mpiga Hewa.

"Mpiga Hewa, leo hewa imekukosea nini?" wauza makaa walimuuliza, naye akacheka, kwa sababu lilikuwa jambo la kweli. Miaka miwili ya kwanza Gedion hakumruhusu kugusa mtu. Alipiga hewa na kuinama, basi. Aliinama akiingia, akainama akitoka, na kabla ya kupambana alimwinamia mwenzake huku macho yake yakibaki usoni pa yule mtu.

"Ukimwinamia, usimwondolee macho," Gedion alikuwa akimwambia. "Hapo ndipo unamwambia, nakuona, na sitakuumiza."

Ngumi nayo ilitakiwa isimame upana wa kidole kabla ya kufika kwa ngozi. Nthiga aliwaambia wanafunzi wake kwamba hiyo ndiyo karate yote, mengine ni jasho.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa. Mzee wa kanisa aliyeshika ufunguo aliitwa Naftaly, rika la Nthiga, walitahiriwa msimu mmoja. Siku moja Naftaly aliingia akakuta wanafunzi kumi na wanne wameuinamia ukuta ambapo Nthiga alikuwa ametundika picha ya yule Mjapani. Jumapili maneno yakafika kwa kamati, na Jumatatu Naftaly akamfuata Nthiga kwa zizi.

"Sisi ni rika, sitakuficha," akasema. "Watu wanauliza nani anaabudiwa kwa ule ukuta."

"Ni picha ya mchimba visima."

"Basi inamia kisima. Lakini sio ndani ya nyumba ya Mungu."

Nthiga alicheka, kisha akaanza kupiga hesabu. Bila ukumbi angewapeleka wapi wale vijana? Angeweza kuondoa picha tu, akawaacha waendelee kuinamiana wao kwa wao. Hilo kamati haikuwa imeligusa. Lakini alikuwa mtu wa kupenda amani, na watu wa namna hiyo wakiombwa kimoja hutoa viwili. Akafuta kuinama kote. Mahali pake akaweka maombi. Wanaopambana wangesimama wakikabiliana, wafunge macho, mmoja aombe kwa kifupi, wote wawili waseme Amina, ndipo waanze. Kamati ikafurahi. Naftaly akamletea hata ufunguo wa pili.

Miezi minne ilipita bila neno. Hakuna aliyeona kasoro, maana hapa kwetu hata mkutano wa mfereji wa maji huanza kwa maombi, na Amina ikishasemwa watu wanagombana.

Kati ya wanafunzi kulikuwa na Kiunga, kijana wa Kibirichia aliyeshuka kutafuta kazi, na Muchangi, mzaliwa wa hapo hapo. Wote walipakia mchanga kwa koleo, na wote walikuwa na leseni ya kuendesha mfukoni. Tajiri wa lori alipotaka dereva, akamchukua Kiunga. Muchangi hakulalamika. Alianza tu kumwita mwenzake "dereva," na neno hilo alilitoa kama mtu anayetema mbegu ya chungwa.

Alhamisi ile ya vumbi wakapambana wao wawili. Nthiga mwenyewe ndiye aliyewapanga. Muchangi aliomba, maneno sita au saba, akasema Amina. Kiunga akaitikia, lakini macho hakufungua. Midomo yake ilikuwa bado inatembea. Ngumi ya Muchangi haikusimama upana wa kidole. Haikusimama kabisa.

Hospitalini walisema jicho la kushoto la Kiunga halitaona tena. Muchangi alilia mbele ya watu wote, akasema alisikia Amina akaanza, vile walivyofundishwa. Na kweli, ndivyo Nthiga alivyowafundisha. Kamati ikakubali kwamba ni ajali, Naftaly akaomba pamoja na familia, na wiki ya tatu tajiri akampa Muchangi lile lori.

Nthiga alirudisha funguo zote mbili. Akiwa njiani na mbuzi wake alikuwa akiirudia ile dakika moja mpaka mbuzi wanaingia shamba la watu. Kama Muchangi hakuona, basi kosa ni lake Nthiga, aliyefunga macho ambayo Gedion alitaka yabaki wazi. Na kama Muchangi aliona, basi yeye Nthiga alikuwa ameunoa ule mkono kwa miaka sita bila kumjua mwenye mkono. Hakujua lipi lingemlemea zaidi. Alitaka tu kujua ni lipi, ajue la kutubu.

Mwezi wa tano tangu ajali akapanda hadi Kibirichia, kwao Kiunga. Mama yake Kiunga, Kagwiria, alimpokea kwa chai wala hakumlaumu, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Kiunga alikuwa anachagua viazi vya mbegu. Kila mara aligeuza kichwa chote kutafuta gunia lililokuwa upande wake wa kushoto.

"Mwalimu, huku hewa ni nyingi," Kiunga akasema. "Piga mpaka uchoke."

Kagwiria alicheka kidogo kisha akatoka kwenda kuangalia moto. Nthiga akamuuliza kijana alikuwa anaomba nini siku ile, hata akaipita Amina.

"Nilikuwa namwombea Muchangi. Nilisikia tajiri anataka kununua lori la pili."

Nthiga akaweka kikombe chini. Aliaga mapema, akisema njia ni ndefu.

Muchangi naye, Nthiga alimkuta Ishiara siku ya soko, akiangalia matairi ya lori. Alimsalimia Nthiga kwa mikono miwili, akamuuliza habari za mbuzi na za kiangazi. Nthiga alimweleza yale maombi ya Kiunga yalikuwa ya nini. Muchangi aliyatazama matairi, akapanda, akawasha lori. Nthiga akaushika mlango.

"Sikuulizi kama ulikusudia," akamwambia. "Hiyo ni yako na Mungu. Nakuuliza kitu kidogo tu."

Akauliza. Muchangi akasema mchanga unangojewa, akaondoka polepole ili asimuumize mzee. Tangu hapo Nthiga amemuuliza mara tatu nyingine, na mara zote ameelezwa bei ya dizeli. Naftaly naye, akiulizwa anafikiri nini, hutazama chini na kusema yaliyopita yamepita. Na swali lenyewe ni lile lile:

"Muchangi, uliona macho yake yamefungwa?"