Majibu Niliyomhifadhia Shoga Yangu

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, na kila ghuba ya pwani yetu ikaanza kupata mgeni mwenye gari jipya na ramani, nilikuwa karani wa mradi mmoja mdogo pale Lindi mjini. Mradi ulikuwa wa kuwasaidia wanawake wanaochemsha chumvi. Wanakwangua udongo nyuma ya mikoko, wanauchuja kwa maji, kisha wanachemsha yale maji mpaka chumvi ibaki chunguni. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake aliyoirithi kwa mama yake, na karibu wote hawakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha. Kazi yetu ilikuwa kuziandikisha sehemu hizo ili kijiji kiwape hati kabla mtu mwingine hajaziomba.

Mchinga ndiko nilikopata shida, kwa sababu ya bibi mmoja ambaye wenzake walimsikiliza kwa kila jambo. Nilimkuta akichochea moto.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kakutuma?"

Nikamweleza. Hakuniangalia.

"Na haya maneno yetu ukishayachukua, yanakwenda wapi?"

"Yanakaa ofisini, bibi. Kwenye mashine."

"Mashine yenyewe ina mlango?"

"Ina mlango, na ufunguo ninao mimi."

Akacheka, akajifuta jasho kwa pindo la kanga, akanishika mkono kunipeleka sehemu yake. Alinitajia jina lake, jina la sehemu yenyewe, mpaka wake, na msimu ambao udongo wake unakolea. Wenzake walipoona yeye kasema, nao wakasema.

Nilikuwa sijamdanganya. Kompyuta ya ofisi ilikuwa moja, na aliyejua kuiuliza maswali nilikuwa mimi peke yangu. Hapakuwa na picha za kubofya. Ilikuwa skrini nyeusi, herufi za kijani, na chini yake mstari mmoja wa kuandikia amri. Unaiandikia kwa lugha yake: nionyeshe sehemu zote za Mchinga zisizo na hati. Majibu yanapanda mbio, ya mwanzo yanapotelea juu kabla hujayasoma. Kwa muda mrefu nilikuwa nayanakili kwa mkono, nauliza swali lile lile tena na tena, mpaka fundi aliyekuja kutoka Dar aliponionyesha kwamba ukiongeza maneno machache na jina la faili mwishoni mwa amri, majibu hayapiti kwenye skrini. Yanakwenda kukaa ndani ya faili. Faili unalinakili kwenye flopi, na flopi unampa mtu, naye anakwenda kulifungua kwenye kompyuta yake. Flopi zangu nilizihifadhi ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, maana hewa ya chumvi ilikuwa inaziua.

Mtu wa kwanza kumwonyesha maajabu haya alikuwa shoga yangu. Yeye alikuwa katibu muhtasi wa mkuu wa mradi, mtoto wa mjini, na tulipanga nyumba moja. Nilipojifungua mwanangu wa kwanza, mama yangu alikuwa bara, anauguza, hakuweza kuja. Shoga yangu ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto arobaini yangu yote, akanipikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto. Sikuwa na dada wa tumbo moja. Nilikuwa naye.

Siku moja alivuta kiti akakaa karibu yangu.

"Bosi anaandika ripoti ya wafadhili. Anataka zile sehemu zisizo na hati, vijiji vyote, zilizo karibu na barabara zitangulie."

Nikaandika amri, nikahifadhi majibu, nikamwekea kwenye flopi.

"Basi nifundishe na mimi," akasema. "Kila siku nikusumbue wewe?"

Nikamfundisha. Mara ya kwanza alisahau kuweka mkato kati ya safu, majina ya watu yakashikana na majina ya vijiji, tukacheka mpaka mlinzi akachungulia dirishani. Alipopatia, alinikumbatia.

Haikupita hata masika, nikaenda Mchinga kupeleka fomu za hati zilizokuwa zimekamilika. Nilikuta vigingi vipya vimepigwa nyuma ya mikoko, na mpima ardhi akiwa na vibarua wake. Mgeni mmoja alikuwa ameomba eneo lote kwa ajili ya majaruba makubwa ya chumvi. Mpima ardhi alikuwa na karatasi mkononi, akiwaelekeza vibarua: hapa, sasa pale. Alizitaja sehemu kwa majina ambayo hata barabarani pale hayajulikani, yanajulikana na wanawake wenyewe tu.

Nilimwomba niione. Alinipa bila wasiwasi. Juu kabisa, kwenye safu ya mwisho, palikuwa na neno HAKUNAHATI, limeshikana hivyo hivyo, kwa kuwa programu yetu haikukubali nafasi kwenye kichwa cha safu. Neno hilo nilikuwa nimelitunga mimi.

"Umeipata wapi hii, kaka?"

"Kwa mwajiri wangu. Kaletewa na dada mmoja wa mradi wenu."

Bibi alikuwa amesimama pembeni na wenzake. Nikamwamkia. Akanitazama, kisha akageuza uso kuelekea baharini. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Nilikuwa sijawahi kufanyiwa hivyo na mtu mzima, na sijui kama kuna kofi linaloumiza zaidi.

Nilirudi mjini nikamkuta shoga yangu anachambua mchele barazani.

"Ulimpa yule bwana kazi yetu."

Hakuuliza bwana gani.

"Mradi unafungwa," akasema. "Wewe hujaambiwa, mimi nimeichapa barua. Yeye kaniahidi kazi Dar. Ulitaka nile nini?"

"Wale wanawake waliniamini mimi."

"Basi na mimi nilikuamini utanielewa."

Aliendelea kuchambua mchele. Nilisubiri alie, au anitukane, au aniombe msamaha. Hakufanya hata kimoja. Nilimchukua mwanangu aliyekuwa akicheza miguuni pake nikaingia ndani.

Kesho yake, kabla mradi haujafungwa, niliiuliza kompyuta kila kitu kuhusu Mchinga: nani anachemsha wapi, na sehemu yake aliirithi kwa nani. Nikahifadhi, nikachapa, nikaipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Niliisoma mbele ya watu wote, jina kwa jina. Wanawake waliokuwa mbali na barabara walipata hati zao. Waliokuwa karibu, bibi akiwa wa kwanza, walikuwa wameshapoteza. Alihamia kwa mwanawe Mtama. Nilipeleka salamu mara mbili, hazikurudi.

Shoga yangu alikwenda Dar. Tulikuja kuonana miaka mingi baadaye, msibani Lindi, tukajikuta tumekaa mkeka mmoja tukikuna nazi. Amenenepa, amekuwa mtu mzima, ananukia udi. Alinisalimia kama tuliagana jana. Aliuliza habari za mwanangu, nikajibu. Nilijisikia kutaka kuegemea bega lake, na hilo lilinitia hasira kuliko yote. Kisha akageuka kwa mama mmoja aliyekaa upande wa pili.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kompyuta," akasema, kwa fahari ya kweli. "Bila yeye nisingefika popote."

Nikainuka kwenye mbuzi ya nazi, nikaenda uani kuteka maji ambayo hakuna aliyeniagiza.