Kopo Lililokwenda Vitani

Siku Deo aliponiambia, "Wewe lete matairi, udereva nitakuachia," nilipaswa kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi, na darasa la nne tulikuwa tumeshafundishwa hata kuliandika. Nikasema ndiyo. Leo nina mvi mpaka masikioni, na bado nalikumbuka jibu lile kila ninaposikia koki ikidondosha maji.

Enzi zetu, na ninyi mliokulia vijiji vya ujamaa mtanishuhudia, maji yalikuwa na heshima yake. Kijiji chetu, upande wa Kaniha kule Biharamulo, kilikuwa na koki moja tu. Maji yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, yakashuka kwa bomba la chuma hadi tangi la saruji, kisha yakatokea kwenye koki iliyosimama karibu na ofisi ya kijiji, imenyooka kama mgeni rasmi. Kiangazi kikiingia, chemchemi ilinywea ikabaki kutoa maji membamba kama uzi. Tangi lilichukua usiku kucha kujaa ili sisi tulimalize mchana, na vumbi jekundu liliingia kila mahali, hata kwenye ugali.

Nyumbani tulikuwa watu saba kwa ndoo mbili kwa siku. Mama alikuwa na sheria yake: "Maji hayamwagwi, yanahamishwa." Maji ya kunawia uso yalihamia miguuni. Ya miguuni yalinyunyizwa kwenye sakafu ya udongo kabla ya kufagia. Ya kuoshea vyombo waligawana mbuzi na migomba, na mbuzi walianza. Kuoga ilikuwa kata moja ya kibuyu kwa mtoto. Mimi nilikuwa bingwa wa kata moja: nilianzia kichwani, kisha nikayakimbiza maji kwa kiganja kabla hayajafika chini. Siku za ukaguzi shuleni tulilowesha magoti na visigino tu, maana mwalimu wa zamu hakuwa akikagua pengine. Tulipanga mstari tukiwa na magoti yanayong'aa na miguu ya kijivu, kama kuku wa kisasa.

Msimamizi wa koki alikuwa baba yangu, Mzee Batolomayo. Hakusomea. Alijifunza kwa mafundi waliokuja kutandaza bomba, akiwabebea mabomba begani na kuwauliza maswali mpaka wakamchoka. Walipoondoka walimwachia spana moja, fungu la katani ya kuzungushia maungio yasivuje, na vipande kadhaa vya mpira, vya duara, vyenye tundu katikati. Kipande kimoja hukaa ndani ya koki na kuziba maji inapofungwa. Kikichakaa, hata ukikaza vipi, maji yanapita. Baba alibadilisha kimoja kila mwanzo wa kiangazi, na vile sita vilivyobaki alivihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati, kando ya kopo jingine kama hilo ambalo mama aliwekea maharage ya mbegu.

"Koki haifi kwa uzee," aliwaambia akina mama kwenye foleni. "Inauawa na watu wenye hasira. Ukigombana na mumeo, mama, mfunge yeye, koki ifunge taratibu."

Mimi aliniambia jambo jingine: "Fideli, ukimaliza la saba, hii spana utaibeba wewe." Alikuwa ananiacha niishike, nzito na baridi, na nilijiona nusu mkuu wa wilaya.

Kisha vita vikaja. Malori ya jeshi yalipita barabara kuu kuelekea Kagera, na sisi watoto tukapata wazimu wa malori. Tuliyasuka kwa waya: bodi, kabini, usukani. Tatizo likawa matairi. Ya udongo yalipasuka, ya vipande vya viazi yalinyauka, na malapa hakuna mzazi aliyekubali kukatwa. Deo, mtoto wa baba mdogo, alikuwa na lori zuri kuliko yote, ukubwa wa kiatu cha mtu mzima, lenye ekseli tatu. Alikuwa amewahi kumwona baba akifungua lile kopo. Matairi sita, duara kamili, na tundu katikati! Hata kiwanda kisingefanya vizuri zaidi.

Niliyachukua mchana, baba akiwa shamba la kijiji. Ili kopo lisiwe jepesi, nilijaza maharage kutoka kopo la mama, nikajisifu kwa akili hiyo. Wiki ile nilikuwa dereva. Hakuna mtoto aliyekubali kuwa adui, kwa hiyo tulipigana na mbuzi wa jirani yetu, Mama Anastazia, ambao nao walikataa kushindwa.

Siku chache baadaye balozi wa nyumba kumi alipita kukusanya chakula cha wanajeshi. Gunia lake lilikuwa limejaa, akasema apewe kopo zima na kifuniko chake, atayamimina ofisini. Baba akamkabidhi kopo la maharage bila kulifungua. Sote tulijivunia. Maharage ya nyumbani kwetu yalikuwa yamekwenda vitani!

Vita vikaisha, askari wakarudi kwa vigelegele, na kiangazi kikaja kikali. Asubuhi moja koki ikaanza kudondosha. Baba hakushtuka. Alisubiri tangi liishe maji, akaifungua koki kwa spana, akatoa mpira uliochakaa na kuwaonyesha watu wa foleni kama daktari anayeonyesha jino. "Msihangaike. Dawa ninayo." Akafungua kopo, akaingiza vidole, akatoa maharage.

Foleni nzima ilisogea kuchungulia. Halafu Mama Anastazia akauliza, "Mzee Batolomayo, leo koki inapikiwa nini?"

Walicheka mpaka ndoo zikaanguka. Baba alimimina kopo lote kwenye ndoo, maharage matupu, akasimama akiyatazama. Niliona uso wake ukifanya hesabu. "Mungu wangu," akasema polepole. "Nilimpa balozi kopo la mipira."

"Basi ndiyo maana tumeshinda!" akapaza sauti kijana mmoja. "Jeshi lililotafuna mipira ya koki, nani atalipiga?"

Hata baba alicheka. Mimi sikucheka. Lori la Deo lilikuwa limekwisha kuvunjika zamani na matairi matano yamesagika kwa kokoto, lakini la sita lilikuwa zima, na lilikuwa mfukoni mwa kaptura yangu. Nilikuwa natembea nalo kama kumbukumbu ya udereva. Hatua tano tu kutoka pale niliposimama mpaka mkononi mwa baba. Nililishika mpaka likapata joto. Kisha nikaondoka, nikaenda chooni, nikalitumbukiza. Nilisikia lilivyoanguka.

Baba alijaribu kukata mpira kwenye katambuga zake, zile ndala za tairi la gari. Haukuziba. Alijaribu ngozi, ikaziba siku mbili. Madukani hakukuwa na kitu, maana hata sabuni tuliipata kwa kipande. Usiku mmoja maji yote ya tangi yakadondoka kidogo kidogo, na alfajiri akina mama wakakuta matope chini ya koki na tangi likilia kama ngoma. Tangu siku hiyo mpaka mvua, mama na dada zangu waliteremka bondeni kuchota kwenye kijito, mwendo wa asubuhi nzima, na kata yangu moja ikawa nusu.

Kwenye mkutano wa kijiji baba alisimama bila kuitwa. "Kosa ni langu," akasema. "Nilishindwa kutofautisha makopo mawili ndani ya nyumba yangu. Spana apewe mtu mwenye macho." Nilikuwa nimekaa chini na watoto wenzangu. Deo alinikanyaga kidole. Nikatazama pembeni.

Sasa naishi Ngara mjini, na maji yanaingia mpaka jikoni. Wajukuu wangu wanaoga kana kwamba Mto Ruvubu umepitishwa bafuni. Wanapiga mswaki huku koki iko wazi, mkono mmoja mswaki, mkono mwingine simu, na maji yanapita zake bila hata kusalimiwa. Nikiwafokea, mjukuu wangu Jeni husema, "Babu, hilo ni tone moja tu."

Tone moja! Jioni nazunguka nyumba nikifunga koki, taratibu, na kuchora mstari wa chaki penye usawa wa maji ya tangi. Asubuhi maji yakiwa chini ya mstari, najua pana mahali panavuja, na siketi mpaka nipaone. Mipira ya koki imejaa dukani siku hizi, ya kila saizi. Ninalo kopo zima. Jeni ananicheka kwamba nalifungua kila nikipita, kuhakikisha ndani si maharage.

Baba naye alikuwa hivyo baada ya mkutano ule. Akitumwa chumvi, alifungua, akaonja, akamwuliza mama, "Hii ni chumvi kweli?" Kijiji kilimwita Mzee Maharage, naye akaitika. Mimi nilikwenda sekondari, na kila likizo nilirudi nimeamua kumwambia, na kila likizo nikaona ijayo itafaa zaidi. Alifariki nikiwa shuleni.

Udereva wa wiki moja ulinigharimu hivi: spana ilikwenda nyumba nyingine, sikuibeba kamwe, na baba yangu alizikwa akiamini kwamba aliyewanyima watu maji ni yeye.