Mstari wa Kibuyu

Mimi ndiye niliyeandika muhtasari. Nianze na hilo, maana nimejaribu kuanza na mengine na kila mara nikachana karatasi.

Dada yangu alitaka talaka. Mumewe alikuwa akiendesha pikapu amelewa, watoto wamekaa nyuma, na dada alichoka kusali kila aliposikia breki. Lakini kwetu Bombo, huku milimani, huendi mahakamani kabla ukoo haujakaa. Ukoo ukakaa. Mimi nikafanywa karani, kwa sababu nachapa barua za watu kwenye duka la steshenari mjini Same, na sheria ya ndoa nimejisomea mwenyewe, kijitabu kwa kijitabu. Sijakanyaga chuo. Ndiyo maana naogopa kukosea kuliko waliosoma.

Shemeji aliomba radhi, akaapa kuacha pombe. Wazee wakaridhika. Dada alinyamaza, na mwanamke akinyamaza kwetu huhesabiwa amekubali. Vikaletwa vibuyu vya dengelua, pombe yetu ya miwa, maana suluhu isiyonywewa si suluhu.

"Mtu ameapa kuacha sasa hivi!" dada akasema.

"Hii si pombe, mwanangu," baba mkubwa akamjibu. "Hii ni amani. Aikatae amani?"

"Au tumnyweshe kwa kijiko, kama dawa ya mtoto?" mjomba akadakia.

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Shemeji akanywa, akaongezwa, akaongezwa tena. Nikaandika: *Mume amekunywa vibuyu vitatu, saa nane na robo mchana.* Hakuna aliyeniambia niandike saa. Muhtasari usio na saa huninyima raha.

Saa tisa aliteremka na pikapu peke yake. Dada alibaki akiosha vyombo. Kwenye kona ya tatu alimgonga mwanamume aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Mguu wa mtu yule ulikatwa juu ya goti. Shemeji alikimbilia msituni, akajisalimisha polisi kesho yake, pombe imeshamtoka. Kipimo hakikuonyesha kitu. Kilichobaki cha kushuhudia dhidi yake ni karatasi yangu.

Baba mkubwa akaja dukani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Binti yangu, wewe una mwandiko mzuri. Nakili upya. Mstari wa kibuyu uache."

"Na sahihi?"

"Tutasaini tena, wote."

"Na dada?"

"Dada yako ana watoto. Baba yao akifungwa, utawalisha wewe?"

Nilinakili. Niseme ukweli wote: nilinakili mara nne, kwa sababu nakala tatu za kwanza zilikuwa na herufi zilizopinda. Niliandika uongo huku nikijali mwandiko. Wazee wakasaini. Dada alisaini wa mwisho. Alisoma polepole, akaniuliza kama nina hakika sijasahau kitu. Nikasema sijasahau.

Polisi wakaonyeshwa nakala hiyo, shtaka la ulevi likaanguka. Shemeji alitozwa faini kwa uzembe barabarani, akarudi nyumbani.

Wiki hiyohiyo dada akaipeleka nakala yangu kwenye baraza la usuluhishi la kata. Mwenyekiti, Mpare mwenzetu, aliisoma hadi mwisho, akamgeukia baba mkubwa.

"Mzee, hapa naona radhi, naona kiapo. Suluhu mliinywa?"

Baba mkubwa aliitazama sahihi yake mwenyewe.

"Hatukunywa," akasema.

"Basi hamkusuluhisha."

Dada akapewa hati ya kwenda mahakamani. Tulipotoka nje hakunishukuru wala hakunilaumu. Alisema tu, "Ulisahau mstari mmoja," akaenda zake.

Karatasi ya kwanza ningali nayo, ndani ya kijitabu cha sheria. Juzi yule mwanamume wa baiskeli aliingia dukani kwa magongo, akataka nimchapie barua ya madai ya bima. Hanijui. Tulipofika pa kueleza ajali, nikamuuliza niandikeje kuhusu dereva.

"Harufu niliisikia," akasema. "Lakini mahakama imesema hakulewa. Andika kama mahakama, dada, nisije nikaonekana mwongo."

Nikaandika. Sikukosea hata herufi moja.