Mchumba Wangu Ndiye Aliyenitukana Kwenye Gemu la Meli za Kivita

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni binti wa miaka 29, nina kiduka cha kuchapa na kutoa fotokopi hapa Lushoto. Nimechumbiwa, mahari imepokelewa, na kanisani kwetu ndoa imeshatangazwa mara mbili. Naandika nikiwa na kinyaa ambacho sijawahi kukisikia kwa binadamu mwenzangu.

Wateja wakiwa hawapo, hasa ukungu ukishuka, huwa nacheza gemu la vita vya majini kwenye kompyuta ya dukani. Unaunda kikosi cha meli, unalinda bandari zako, unapanga msafara wa mafuta usizamishwe njiani. Sijawahi kupanda hata boti, lakini gemu hilo nalijua vizuri. Kuna grupu la wachezaji wa Kiswahili tunakotoa maoni kila likitoka toleo jipya. Humo natumia jina la Nanga, na miaka miwili yote waliniita Kaka Nanga.

Mchumba wangu nimwite Elia, si jina lake. Anafundisha sekondari na ndiye mwalimu wa kwaya ya vijana kwao Mgwashi. Ni mpole, akimwamkia mama yangu anainama mpaka mama anaona aibu. Sikuwahi kumwambia kwamba nacheza, maana aliwahi kusema magemu ni ya watu wasio na shughuli.

Lilipotoka toleo la mwisho niliandika maoni yangu. Nilisema wameliharibu, kwa sababu nyambizi sasa haziishiwi mafuta, mtu anajificha chini ya maji anasubiri tu, kupanga vita hakuna maana tena. Wengi waliunga mkono. Mmoja akaandika, "Wanaume wenzangu, Nanga kasema kweli." Nikajibu kwa utani kwamba nashukuru, ila mimi ni mwanamke.

Basi gemu likasahauliwa, nikawa mimi ndiye wa kujadiliwa. Aliyezidi wote ni mchezaji anayejiita Papa Mweusi. Komenti yake nyepesi kuliko zote ni hii: "Nyambizi hazina tatizo, tatizo ni jike lililotoka jikoni bila ruhusa." Nyingine zilihusu mwili wangu, na kitu ambacho wanaume wa grupu zima wanifanyie ili ninyamaze. Watu walicheka. Nilipiga picha komenti zote.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilikuwa kwa kina Elia. Mama yake alikuwa jikoni anasonga bada, ule ugali wa muhogo. Elia akaniomba nimpangie vizuri maneno ya wimbo wa kwaya kwenye kompyuta yake, yeye akatoka kupasua kuni. Nilipoifungua nikakuta ukurasa wa grupu letu. Juu limeandikwa jina la mwenye akaunti, Papa Mweusi. Chini kulikuwa na komenti ambayo hakuwa ameimalizia, inaanza na "We Nanga..."

Aliporudi nilimuuliza hii ni nini. Akacheka.

"Aa, hilo ni gemu tu, mpenzi. Mle ndani kila mtu anatukana."

"Na huyu mwanamke unamfahamu?"

"Nimfahamie wapi? Wanawake wa mitandaoni hao, hawana wenyewe."

"Ni mimi, Elia."

Alibadilika rangi. Akapiga magoti palepale sebuleni, machozi yanamtoka. "Nisamehe, sikujua ni wewe! Ningejua ni wewe nisingethubutu."

"Na kama nisingekuwa mimi?"

Akainuka, akajifuta uso. Mama yake akaingia na chakula, nikanawa mikono, nikala tonge mbili kwa heshima yake, nikaondoka.

Nilijaribu kumsamehe, Mungu ndiye shahidi wangu. Jumatano dada mmoja akaandika kwenye grupu kwamba misafara ya mafuta ingefaa ionekane kwenye ramani mapema zaidi, maoni mazuri tu. Papa Mweusi akamjibu. Yalikuwa maneno yaleyale aliyoniandikia mimi, yale ya mwili, kabadilisha jina tu. Nilikimbilia nyuma ya duka nikatapika.

Nikamtumia ujumbe kwamba ndoa hakuna. Nyumbani ikawa vurugu.

"Amekupiga?" mama akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Mlevi? Ana mwanamke?"

"Hapana. Anatukana wanawake mtandaoni, matusi ya nguoni."

"Wanawake gani?"

"Mmoja ni mimi. Wengine siwajui."

"Unavunja ndoa kwa ajili ya watu usiowajua? Na wewe si umesema alishakuomba msamaha?"

Baba amesema wazee wa pande zote mbili watakaa Jumamosi, nisimame niseme alichoandika Elia, neno kwa neno, wao wapime. Baba huyuhuyu ninayempigia goti nikimwamkia, ambaye mbele yake sijawahi kutamka hata neno "mimba". Kuna baba wadogo, kuna shangazi, kuna mzee wa kanisa. Nitaanzia wapi?

Elia anajua kwamba siwezi. Jana alinitumia ujumbe mfupi: "Haya, kayaseme mbele ya baba yako." Siku ile aliniomba msamaha analia, leo anajificha nyuma ya aibu yangu. Ujumbe huo umenitia kinyaa kuliko matusi yenyewe.

Nikinyamaza, nitaitwa msichana aliyekataa ndoa kwa sababu ya gemu, na watanirudisha kwake. Nikisema, sijui kama baba atamtazama Elia au atanitazama mimi. Picha za komenti zote ninazo kwenye simu.

Ndugu zangu mnaosoma, hasa akina baba wenye mabinti, niambieni. Nimkabidhi baba simu asome mwenyewe? Wewe ungependa binti yako afanye hivyo, au anyamaze aolewe?