Siku Mama Athanasie Alipobeba Ngobi

Mukashema Athanasie alizaliwa, akaolewa na akafiwa na mume kwenye mlima uleule, juu ya Mushaki, pale barabara ya gari inapoishia na mtu anaendelea kwa miguu kati ya mashamba ya maharagwe. Wote walimwita Mama Athanasie. Akisikia kwamba mtu haonekani nje ya nyumba yake, aliacha jembe akaenda kumwangalia. Aliwasha moto, akapika uji, akafua, kisha akarudi shambani bila kungoja shukrani. Marehemu mume wake, Grégoire, alizoea kumtania: wagonjwa wa mlima mzima wana mlinzi, ila maharagwe ya nyumbani ndiyo hayana.

Kitu kimoja hakuwahi kukigusa: ngobi. Hiyo ni machela ya mianzi na matete yaliyosukwa, ambayo watu wa mlimani humbebea mgonjwa hadi kituo cha afya. Ilitundikwa chini ya paa la Papa Sebarenzi, mzee wa chama cha wabebaji, na kuibeba ilikuwa kazi ya wanaume. Wanawake walifuata nyuma na sufuria na vitenge vya mgonjwa.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, siku ya soko, msichana aliyeolewa karibuni, Astrid, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mumewe, Nzabandora, alikuwa Rubaya kwenye machimbo ya koltani, pamoja na vijana wengi wa mlimani. Waliobaki walikuwa wameteremka Mushaki kuuza ng'ombe. Pikipiki haikuweza kupanda kwa sababu ya tope. Mama Athanasie alikaa na Astrid asubuhi yote, akaona uchungu unakuja na kuondoka bila mtoto kusogea. Akaenda moja kwa moja kwa Sebarenzi.

"Papa, tunaomba ngobi."

"Nani atabeba? Banaume bote beko ku soko."

"Sisi."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, Mama. Bamama hababebake ngobi. Tangu bankambo, babu zetu, haiyaonekana."

Mama Athanasie hakubishana. Aliketi kwenye kigogo kando yake. "Basi, Papa, wewe utabeba mbele, miye nitabeba nyuma."

Sebarenzi alitazama magoti yake yaliyovimba, akacheka bila kupenda. "Unanichekelea."

"Hapana. Astrid anaweza kufa. Kama iko namna ingine, utuambie, tutafanya njo ile."

Mzee akajikongoja hadi ukutani, akafungua kamba ya ngobi mwenyewe.

Wanawake wanne walibeba, Mama Athanasie na rafiki yake Emérita wakiwamo, na wengine wakafuata ili kupokezana. Sebarenzi alitangulia na fimbo yake, akitafuta penye udongo mgumu. "Mukishuka, kichwa yake ikae juu! Muende mwendo moja! Mama Emérita, usiangalie miguu, angalia njia!" Nyimbo za wanaume za kubebea ngobi hawakuzijua, wakaimba wimbo wa matoleo wa kanisani, na hatua zao zikaufuata vizuri. Mwanzi ulimchubua Mama Athanasie begani. Hilo hakulijali, alichoogopa ni kuteleza. Na kweli, walipokaribia kijito, Emérita aliteleza. Ngobi ikayumba, Astrid akapiga ukelele.

"Muniteremushe," akasema huku akilia. "Nitatembea."

"Lala, mutoto wangu," Mama Athanasie akamjibu. "Hatuyachoka."

Alikuwa amechoka sana.

Karibu na barabara walikutana na wanaume wakitoka soko. Aliyekuwa mbele, Jean de Dieu, ndugu ya Nzabandora, aliweka chini mfuko wake wa chumvi. Wengine walitazama pembeni. Emérita alitaka wapite tu. "Tumeshafika," akanong'ona. "Tubaache na aibu yabo."

Lakini Mama Athanasie alisimama. "Mupokee," akawaambia wanaume. "Mabega yetu imechoka, na nyinyi muko na nguvu."

Hivyo ndivyo Astrid alivyofika kituoni: wanaume wawili mbele, wanawake wawili nyuma. Mchana, muuguzi akampokea mtoto wa kike, mzima, akilia kama aliyechokozwa.

Jumapili chama kilikaa. Wako waliosema jambo hilo lisirudiwe. Sebarenzi aliwaacha waseme mpaka wakamaliza, kisha akamimina kasiksi, ile pombe ya ndizi wanayopewa wabebaji, akamkabidhi Mama Athanasie kikombe kabla ya mtu mwingine yeyote. Hakutoa hotuba. Tangu hapo, ngobi ikitoka, wanawake nao huitwa.

Miaka ilipita, mgongo ukaanza kumsumbua Mama Athanasie. Binti yake Brigitte, anayeishi Goma, akampigia simu. "Mama, umebeba batu ya kutosha. Kuya upumuzike."

Akaenda. Chakula hakikukosekana huko, na wajukuu hawakumwacha apumue kwa maswali. Lakini siku moja aliona jirani akipakiwa kwenye teksi, hajiwezi, akauliza ni nani na amepatwa na nini. Hakuna aliyejua. Siku nzima hakutulia.

"Mutu anagonjwa hapa pembeni," akamwambia Brigitte, "na miye sijue hata jina yake."

"Mama, mu muji njo vile."

"Basi miye niko mutu wa mulima, mwanangu."

Brigitte alikasirika kidogo, kisha akamfungia mzigo.

Mama Athanasie alishuka kwenye pikipiki Mushaki, akapanda taratibu, akisimama mara kwa mara kupumua na kuamkia watu. Njiani wakamwambia Emérita ana homa na yuko peke yake. Nyumba yake mwenyewe aliipita, mlango umefungwa, majani yameota hadi kizingitini. Alifika kwa Emérita, akatua mzigo karibu na ukuta, akaingia jikoni kutafuta kuni.