Hata Mbuzi Huzungushwa Kwanza

Siku ile mjini kwetu Nizwa naikumbuka, mwanangu, na hasira zangu hazijapoa. Nilikuwa msichana wa skuli. Asubuhi Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, alinichukua hadi soko la mbuzi. Jioni akanipeleka uwanjani, walikokuwa wakichagua wasichana wa timu ya mpira wa kikapu ya mkoa.

Kocha alitupanga ukutani akatupima urefu. Kisha akamwambia mwenziwe, nami nasikia, kwamba mikono yangu myepesi lakini kimo sina. "Na huyu mwakani ataolewa. Tutakuwa tumepoteza nafasi bure."

Nikatoka nalia hadi kibarazani alipokaa Bibi. Hakunibembeleza. Akaniuliza asubuhi sokoni nimeona nini. Nikamwambia, mbuzi.

"Wamesimama?"

Hapo nikaelewa. Pale Nizwa mbuzi huzungushwa mbele ya wanunuzi, waone anavyokwenda. Akisimama tu, kila mbuzi mzuri.

Nikarudi na macho yangu mekundu. "Ustadh, hata mbuzi huzungushwa kwanza. Na sisi utuzungushe."

Wenzangu wakacheka, kocha naye akacheka, akaturushia mpira. Tukacheza mpaka magharibi ikakaribia. Msichana mmoja mrefu, ambaye kocha alimpenda kuliko wote, alianza kama moto, mwisho akawa anatembea. Nilimpokonya mpira, nikampokonya tena, hata akaniuliza, "Wee, mbona hunibanduki, kwenu hawakutaki?" Jina langu likasomwa la kwanza. Bibi akapiga vigelegele kama yuko harusini.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Niliolewa kweli, nikazaa, na leo timu ile naifundisha mimi, mtoto wangu mdogo kakaa na wachezaji wa akiba, chupa mkononi. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Msimu uliopita kocha mwenzangu kaniletea maneno yale yale juu ya msichana mmoja aliyetoka mji wa Sinaw. Nikamwambia anyamaze, atoe mpira. Yule msichana sasa ndiye nahodha wetu.

Basi ukipewa kazi ya kuchagua vijana, mwanangu, watazame wakishachoka, watazame wakifungwa. Kimo kipime, goti bovu liulizie, hiyo ni haki ya timu. Lakini ndoa ya mtu usiihesabu kuwa ugonjwa. Na ukipimwa vibaya wewe, kibarazani usikae sana. Rudi ndani, udai mpira.

Mungu akupe pumzi ya kukufikisha filimbi ya mwisho, na akujaalie watu wenye macho ya subira ya kukutazama. Amin.